Namba Tisa kwa Mguu wa Namba Tano

Machi 2

Mwezi umeandama, tumefunga. Mimi Kadija binti Makame, Mama Ilham kwa wenye adabu, mpishi wa mashine ya mpunga ya Abdulnasir hapa Lipangalala, nimeamua kuandika. Shule niliishia darasa la tano, lakini la tano la zamani, si hili la sasa la kuandika kwa kidole gumba. Tena nimekaa Maskati miaka sita nikilea watoto wa watu. Nimepanda ndege na sikutapika. Mtu kama mimi asipoandika, aandike nani? Bata?

Mvua tangu alfajiri. Sakafu imelowa, kwa hiyo Dionisi na Agnella hawakuteleza. Siku nzima nimekuwa kama mboga isiyo na chumvi.

Machi 8

Leo jua. Nieleze vizuri, wajukuu wasije wakasema bibi alikuwa anaota.

Dionisi ni fundi wa mashine yetu. Agnella ni mkewe, kazi yake kuanika na kugeuza mpunga wa wateja kwenye ile sakafu ya saruji nyuma ya mashine, kubwa kuliko uwanja wa shule. Mpunga hugeuzwa kwa miguu. Unaburuza nyayo peku, unachora mifereji toka ukuta hadi ukuta, unarudi. Msimu mmoja umeme ulikatika, fundi hana kazi, akavua viatu akaingia kugeuza sambamba na binti huyu mgeni kutoka Mlimba. Wakaenda, wakarudi, wakaenda, bila kusemezana, hadi mpunga ukakauka kupita kiasi. Ulipopita mashineni mchele ukatoka chenga tupu. Tajiri Abdulnasir alitaka kulia. Posa ilipelekwa kabla chenga hazijaisha jikoni kwangu.

Viatu vya magurudumu walivipata kwenye robota la mitumba sokoni. Jozi mbili, namba tisa na namba tano. Dionisi akavitia beringi mpya, Agnella akashona vifuko viwili vya gunia vinavyofanana kama mapacha, kila jozi na chake.

Mwalimu wao ni mimi. Kule Maskati, ndani ya duka moja kubwa, kuna uwanja wa barafu: nje watu wanaungua jua, ndani watu wanateleza na makoti. Nilikuwa nawapeleka watoto wa pale nyumbani. Nami niliteleza, tena vizuri sana. Ukingo niliushika kidogo tu.

Na kwenye televisheni yao nilimwona mke na mume wa nchi za baridi wakicheza juu ya barafu. Mume anamrusha mke, mke anageuka hewani kama chapati ya mpishi hodari, anashuka mkononi mwa mwenyewe. Bibi wa nyumba ile akaniambia kwamba yule mume alikufa angali kijana, na mke alirudi kwenye barafu peke yake. Nililia juu ya pasi hadi nikaunguza kanzu ya watu.

Hadithi hiyo Dionisi haimchoshi.

"Mama Ilham, na yule mwanamke alirudi kweli?"

"Alirudi."

"Peke yake?"

"Peke yake. Mkono mmoja kaunyosha pembeni, kama bado umeshikwa."

"Huyo ndiye mwanamke," anasema, na kumtazama mkewe kama vile aliyerudi ni yeye.

Agnella husonya. Msichana mpole, maneno yake huyatoa moja moja kama anayapima kwenye kibaba. "Maiti na futari wapi na wapi," anasema. Kisha anafunga kamba za viatu.

Machi 15

Mvua. Kuni mbichi. Basi.

Machi 31

Idi! Nimepika pilau la kuangusha serikali. Jioni sakafu ilijaa watu, Waislamu na Wakristo, na wengine wenye dini ya pilau tu.

Dionisi hukaa katikati. Mahali pake wanapaita nguzo. Anazunguka palepale, mkono kaunyosha, na Agnella kaushika huku anamzunguka kwa mbali, kanga inapepea. Yeye wanamwita tiara, kama kile kishada cha karatasi cha watoto. Nguzo inazunguka, tiara inaruka. Kisha nguzo inaachia! Tiara inakwenda peke yake hadi ukutani, watu wanapiga kelele, na kabla hajagonga Dionisi ameshafika, amemdaka. Nimeona Maskati, nimeona Dasalamu, nimeona Lusaka kwa dirisha la treni. Sijaona watu wawili wanaoaminiana namna ile.

Anold, kaka mkubwa wa Dionisi, alikuja toka Michenga na kambale wake wa kuuza. Alisimama mikono nyuma.

"Mtu mzima unajifunga toroli miguuni," akasema.

"Shikamoo, kaka," Dionisi akamjibu akipita kwa kasi. Aliporudi mzunguko wa pili akaongeza, "Karibu upakie mzigo!"

Watu walicheka. Anold hakucheka. Yule amezaliwa akiwa tayari na miaka sitini.

Aprili 6

Mto umepanda. Michenga haifikiki ila kwa mtumbwi.

Aprili 12

Sijui kuandika hili lakini nitaliandika, sitaki kalamu inishinde.

Mvua ilikatika saa tisa. Agnella alifagia maji, sakafu ikakauka vipande vipande kama ramani. Dionisi akaja toka mashineni akifuta mikono. Akakaa kwenye mzani wa magunia, akavaa kiatu cha kulia, akainama kufunga kamba. Nikamwambia, "Fundi, leo ukianguka sikuokoti, mgongo unaniuma." Hakujibu. Nikadhani anatafuta neno la kunishinda, maana hakuwa mtu wa kuacha deni la utani. Aliinama vilevile. Agnella alikuwa ameshaanza kuzunguka, mkono kaunyosha kumngoja.

"Dioni," akaita. "Dioni, jua linakwisha."

Alipofika akamgusa bega, na yeye akaja taratibu akamwegemea, mzima mzima, kama gunia lililofunguka mdomo.

Tulimpakia kwenye guta la mpunga. Kiatu kimoja mguuni, gurudumu linazunguka lenyewe njia nzima. Daktari alisema moyo. Ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa, akasema, wala hakuna aliyejua. Miaka thelathini na moja. Mimi nina hamsini na kitu, nina sukari, nina mguu, nina mdomo huu, nipo. Mungu nisamehe, lakini leo sikuelewa kabisa.

Agnella hakupiga kelele. Alimvua kile kiatu, akakitia kwenye kifuko.

Aprili 14

Tumemzika Michenga, kwao. Jeneza kwenye mtumbwi, sisi kwenye mitumbwi ya nyuma, maji yamefunika mashamba. Mimi mtu wa pwani kwa asili, na naogopa maji kuliko paka. Nilipanda.

Ukoo wao una desturi: fundi haendi bila chombo chake. Mvuvi huwekewa kipande cha wavu, seremala patasi. Na chombo huwekwa kimefungwa, hakifunuliwi mbele ya maiti. Anold, kaka mkubwa, ndiye mwenye kuweka. Aliingia ndani, nikategemea spana, akatoka na kifuko cha gunia cha viatu amekikumbatia kifuani. Yule yule wa toroli. Akakiweka miguuni pa mdogo wake, wakapigilia misumari.

Aprili 17

Nimekuta Agnella kaketi mkekani na kifuko kilichobaki. Amekifungua.

Ndani namba tisa.

Wamezika viatu vya Agnella mwenyewe.

Aprili 18

Habari imefika kila mahali kabla ya mkate. Shangazi Merina, dada wa baba yao akina Dionisi, mama anayegeuza mpunga nasi hapa kila msimu, amesema mbele za watu: "Mwanamke aliyetanguliziwa viatu hamalizi mavuno. Ameitwa huyo."

Nikamwambia, "Shangazi, basi mimi nilisahau ndara zangu Maskati, mbona sijaitwa huko na mshahara ulikuwa mzuri?"

Hawakucheka. Na Agnella alikuwa anasikia.

Mei 4

Mpunga wa kwanza umeingia. Magunia ya Makoye, Msukuma wa bondeni, anayevuna kabla ya wote na kutaka asifiwe. Nimemsifu. Sakafu imekuwa ya dhahabu. Agnella anageuza. Anakwenda na kurudi mwenyewe, na mfereji wake umepinda. Zamani ulikuwa umenyooka kama reli ya Mlimba.

Hali chakula. Nimempelekea ndizi na samaki, amewapa kuku wangu. Kuku wananenepa kwa msiba wa watu.

Mei 11

Mvua za mwisho mwisho. Turubai juu, turubai chini.

Mei 19

Ameanguka sakafuni katikati ya mpunga, anatetemeka. Wanawake wakaacha kugeuza, wakarudi nyuma kama wameona nyoka. Shangazi Merina akashika kichwa: "Si niliwaambia? Si niliwaambia?"

"Uliwaambia, umeshinda, nenda kachukue zawadi!" nikamjibu. "Sasa nipishe." Nikambeba. Mimi, na mguu wangu. Nikampandisha bodaboda, nikakaa nyuma yake, dereva mbele analalamika tairi.

Malaria, wamesema. Kali, lakini malaria. Ugonjwa wenye jina, wenye dawa, wenye chandarua. Nilitaka kumbusu aliyeleta jibu.

Amelazwa. Alipofumbua macho aliniambia, "Mama Ilham, nasikia magurudumu. Huko chini."

Nikakaza uso. "Mwambie apunguze kelele, wagonjwa wamelala."

Kona moja ya mdomo wake ikainuka, ikashuka.

Mei 21

Leo Anold kaja wodini. Kasimama mlangoni na matope hadi magotini, kofia mkononi. Nikajiandaa kumpa maneno ambayo nimeyahifadhi tangu Aprili, mengine ya Kiarabu.

Hakunipa nafasi. Alikaa chini sakafuni, mwanaume mzima, akamwambia shemeji yake:

"Agnella, nilikosea. Vifuko vilikuwa viwili mlangoni. Sikuona vizuri. Nilikuwa nalia, na sikutaka watu wanione nalia, nikachukua cha karibu nikatoka. Nimeongea na vijana, maji yameshuka. Nikafukue nibadilishe. Hata leo. Jembe liko nje."

Kumbe mtu wa miaka sitini ana miaka arobaini na machozi. Maneno yangu ya Kiarabu nikayameza.

Agnella alijiinua kwa kiwiko. Sauti ndogo, lakini kibaba safari hii kilijaa.

"Usimfukue. Usimsumbue mume wangu. Amechukua vyangu, mimi nimebaki na vyake. Kanisani tulibadilishana pete. Sasa tumebadilishana viatu. Nani amewaambia huo ni mkosi?"

"Shangazi anasema..."

"Shangazi akitaka kunizika, anisubiri. Mama Ilham, uji uko wapi?"

Akanywa bakuli mbili. Uji ule niliupika mimi, kwa hiyo sifa zangu nazitaka.

Juni 3

Ametoka wodini. Amevaa namba tisa! Mguu wake namba tano unaogelea humo kama dagaa kwenye sinia. Nimechana kanga yangu ya Lusaka, ile nzuri, tukajaza vipande kwenye vidole na kisigino. Akajaribu kwenye njia ya toroli kati ya mpunga na mpunga. Akaanguka. Akainuka. Akaanguka kwenye mpunga wa Makoye. Makoye akasema, "Mama, huo nimeshaugeuza."

Nilimpa mafunzo: "Piga goti, tazama mbele! Mimi Maskati..."

"Mama Ilham," akasema akiwa chini, "Maskati ulishika ukingo."

Sijui nani alimwambia.

Juni 10

Tajiri Abdulnasir si mtu mbaya. Ni mtu wa mizani, akiona upande umeinama anauwekea jiwe. Wateja wawili wamehamisha mpunga kwenda mashine nyingine. Wamesikia kwa Shangazi Merina kwamba sakafu yetu ina maiti anayeteleza. Amemwita Agnella: asikanyage sakafu, si kwa viatu wala peku, mpaka msimu uishe.

Nikamfuata ofisini.

"Tajiri, marehemu baba yako alikuja bonde hili na kikapu cha chumvi. Angeogopa maneno ya watu, leo ungekuwa unauza karanga."

"Bi Kadija, biashara ni imani."

"Vizuri. Mimi siamini tena jiko lako. Agnella asipoingia sakafuni, nami siingii jikoni."

Juni 11

Sikupika. Wapagazi walikula andazi kavu. Jioni walikuwa wamejipanga kwenye ngazi za ofisi, wanamtazama tajiri kama fisi wanavyomtazama mbuzi.

Juni 12

Agnella karudi sakafuni. Nimepika maharage ya nazi, ya ushindi.

Juni 22

Nilimkuta Shangazi Merina nyuma ya ghala, amekaa juu ya pumba, anamchungulia Agnella akijaribu kuzunguka palepale. Nilikwenda kumchokoza. Yeye akaanza kabla yangu.

"Nilikuwa mchezaji, Kadija. Kwenye ngoma za huku kote walikuwa wananiita. Tulicheza na mume wangu. Alipokufa nikiwa na umri kama wa huyu, waliniambia nikae. Nikakaa."

"Mpaka lini?"

Akafuta pumba kwenye kanga. "Mbona bado nimekaa."

Nilikuwa na utani nane mkononi. Sikutumia hata mmoja. Nikamletea chai.

Julai 5

Magunia yanapungua. Watu wanahesabu magunia kwa jicho, kisha wanamtazama Agnella, kisha wanatazama magunia. Hata mimi. Usiniulize kama naamini. Kila akikohoa, nashika moyo.

Julai 12

Tumemaliza msiba Michenga. Njia imekauka, bodaboda hadi mlangoni.

Sasa hapa ndipo palikuwa na mtego. Kwa desturi yao, siku ya kuondoa tanga vitu vya marehemu hugawiwa, na vyombo vyake vya kazi huenda kwa kaka mkubwa. Koti likaenda kwa binamu, baiskeli kwa mjomba. Shangazi Merina, ndiye mgawaji, akashika kile kifuko cha gunia. Agnella alikuwa ameketi kando yangu, kucha zake mkononi mwangu.

"Viatu vya Dionisi," Shangazi akasema. "Vya Anold."

Anold akavipokea. Akavigeuza, akakaa kwenye kigoda, akavivaa! Nikasema moyoni, haya, nilimsamehe bure. Akafunga kamba kwa utaratibu wake wa kufunga nyavu. Akasimama uani, akanyanyua mguu mmoja, na dunia ikamkimbia. Aliruka kama kambale, akatua kwa makalio kwenye sufuria la wali lililokuwa tupu, na sufuria lenyewe likaenda naye hadi kwenye zizi.

Kicheko cha kwanza tangu Aprili. Alianza mtoto, akafuata padri, mwisho Agnella, alicheka mpaka akalia, na safari hii alilia kwa sauti, kilio kile alichokuwa amekificha siku zote. Hakuna aliyemnyamazisha.

Anold akavua viatu akiwa ndani ya sufuria.

"Toroli hii ina dereva wake," akasema. Akampa Agnella.

Julai 19

Gunia la mwisho limepanda lori saa nne asubuhi. Anold alikuja na fagio lake mwenyewe, akafagia sakafu yote, hataki kusaidiwa. Watu wakajaa kuliko Idi. Wengine walikuja kuona mwanamke akicheza, wengine walikuja kuona mwanamke akifa. Niliwapikia wote, sibagui.

Agnella akatoka na namba tisa na vipande vya kanga yangu. Nilidhani atakuwa tiara, azunguke kwa mbali kama zamani, mkono pembeni, kama yule wa barafuni. Nilikuwa nimeshatayarisha machozi.

Hakwenda pembeni. Alikwenda katikati. Akasimama mahali pa Dionisi, kwenye nguzo, akaanza kuzunguka palepale, mkono kaunyosha. Viatu vizito, hapakuwa na urembo. Alikuwa anaishika sakafu. Alipokaribia kuanguka alitukana, kwa Kindamba, nikasikia mama mmoja akijiziba mdomo. Hakuanguka.

Kisha akateleza hadi kwenye ukuta walikoketi wanawake, akamshika Shangazi Merina mkono.

"Niache, mtoto wa watu!"

"Simama, Shangazi."

"Niache, nasema! Nina magoti! Mavuno yenyewe hayajaisha, kuna mpunga wa binamu yangu Mlimba bado..."

"Na wa Mlimba tutaumaliza. Simama."

Akamvuta hadi katikati. Nguzo ikazunguka, na yule mama, peku, kanga imelegea, akakimbia kuizunguka, hatua ndogo ndogo, kisha kubwa, kisha nyayo zake zikakumbuka kitu, akaanza kupiga mguu chini kwa mwendo wa ngoma ambayo vijana hawaijui. Mdomo wake ulikuwa bado unapiga kelele "niache, niache". Mkono haukuachia.

Yule wa barafuni alinyosha mkono mtupu, na nitamsifu hadi kaburini. Mkono wa kwetu haukukaa mtupu. Andikeni hivyo Maskati.

Julai 20

Sakafu nyeupe. Kunguru wawili wanaokota punje. Mavuno yamekwisha.

Agnella yuko hai. Kaja asubuhi kuomba mafuta ya nazi. Ana malengelenge miguu yote miwili, kila moja kubwa kama bamia, na ameniuliza kama nina kanga nyingine.